Daktari wa Meno Aliye Mbali: Chama cha Msingi Kifanye Nini?

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika, Singida



Katika mwezi wa Juni, wakati alizeti inapoingia ghalani, nilifika katika chama kimoja cha msingi cha mkoa wetu kwa kazi yangu ya kawaida ya ukaguzi. Jina la chama hicho sitalitaja, maana upungufu niliouona huko haukutokana na uovu wa mtu. Daftari la fedha lilikuwa halijaandikwa kwa muda wa siku 11. Stakabadhi zote zilikuwamo sandukuni, zimefungwa kwa uzi, wala haikupungua hata shilingi moja. Ila hapakuwa na mkono uliozihamishia kitabuni. Nilipokwisha kufungua kalamu ili niandike hoja, Mwenyekiti wa Bodi, mtu mzima mwenye mvi, aliniambia kwa upole: "Ndugu Mkaguzi, kabla hujamwandika kijana wetu, mtazame shavu."

Katibu alikuwa ameketi kando ya mizani, kichwa amekiinamisha, kitambaa kilicholowa maji ya chumvi amekibana shavuni. Ulikuwa usiku wa tatu hajalala. Alikwisha kusafiri mara moja kutafuta tiba, akaambiwa kwamba mhudumu wa meno yuko safarini, naye arudi baada ya wiki moja. Na wiki hiyo ndiyo iliyokuwa ya ununuzi. Akaamua kubaki na mizani ya wanachama. Mizani ikasimamiwa, daftari likalala.

Nilimwomba tuifanyie hesabu safari yake nyuma ya karatasi, kama tufanyavyo kwa bidhaa nyingine yoyote. Nauli ya kwenda na kurudi shilingi 24,000. Msindikizaji, kwa kuwa mgonjwa mwenye homa hasafiri peke yake, shilingi 24,000 nyingine. Chakula na malazi shilingi 22,000. Jumla shilingi 70,000, na hapo jino halijaguswa. Safari ya pili ingekuwa 70,000 nyingine. Kwa bei ambayo yeye mwenyewe aliuzia alizeti yake msimu huo, yaani shilingi 50,000 kwa gunia, jino moja lingekula magunia karibu 3 kabla ya sindano ya ganzi. Siku za kazi alizopoteza hatukuzihesabu.

Swali nililobaki nalo ni hili: safari ile ya kwanza ilikuwa ya nini? Alisafiri ili aonwe. Hakuhitaji kitu kingine siku ile ila mtu mwenye ujuzi amtazame kinywani, amwambie aende wapi, siku gani, kwa nani. Kazi hiyo ya kutazama na kuelekeza yaweza kufanyika pasipo mgonjwa kupanda gari. Ndiyo tiba ya meno kwa mbali, nayo ni tawi la kile ambacho katika nchi yetu kimezoeleka kwa jina la tiba mtandao. Wapo wanachama walioniuliza habari zake katika mikutano, wengine kwa matumaini makubwa mno, wengine kwa dhihaka, wakisema simu haing'oi jino. Wote wana sehemu ya haki, na ndiyo maana nimeona yafaa nieleze.

Jambo hili si geni kama jina lake linavyodhaniwa. Huduma ya Madaktari Warukao ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1957, ndege haikubaki kuwa chombo chake pekee. Katika miaka iliyofuata hospitali nyingi za misheni za Afrika Mashariki ziliunganishwa nayo kwa redio, na mganga aliyekuwa mbali na mji aliweza kueleza hali ya mgonjwa wake akapewa shauri, ndipo ikaamuliwa kama ndege iitwe au isiitwe. Kwa upande wa meno, jeshi la Marekani lilianza mwaka 1994 kutuma picha za vinywa vya askari kutoka kliniki moja hadi kwa mabingwa waliokuwa mbali. Katika jimbo la California, nchini humo humo, ulianzishwa mwaka 2010 mpango ambamo wahudumu wa kusafisha meno huenda shuleni na katika makao ya wazee, wakapiga picha na eksirei, na daktari wa meno aliyeko ofisini kwake akazisoma na kuandika matibabu yanayofaa. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo wa kutumia simu katika afya ya kinywa mwaka 2021, mwaka ule ule ambapo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuihesabu afya ya kinywa kuwa sehemu ya afya ya kila mtu na si huduma ya pembeni.

Hapa kwetu haja inatokana kwanza na umbali. Sensa ya mwaka 2022 ilitupa watu zaidi kidogo ya milioni 2 katika mkoa, waliotawanyika tangu Mkalama hadi Rungwa. Wako wanachama wetu wa upande wa Mkalama ambao hospitali ya Haydom, iliyoko mkoa wa Manyara, wanaiona kuwa karibu kuliko mjini Singida. Madaktari wa meno wenye shahada ni wachache na hukaa mijini. Mafunzo yao yalianza Muhimbili mwaka 1979, na kabla ya hapo ilibidi wasomee nchi za nje. Chini yao wako matabibu wa kinywa na meno, kama wale waliofundishwa Tanga na Mbeya, ambao ndio hasa wanaozishika koleo katika wilaya. Huyu akienda likizo au semina, wilaya nzima hushika shavu.

Sababu ya pili imo katika maji yetu. Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo maji ya baadhi ya visima vyake yana madini mengi ya floraidi, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Shinyanga na Mara. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa miaka mingi, kwa sababu ya uhaba wa maji vijijini, nchi yetu ilivumilia hadi miligramu 8, kiasi ambacho baadaye kilishushwa. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya utu uzima yangali yakiundwa ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi kufikia miaka 8 hivi, huota meno yenye madoa meupe, ya manjano au ya kahawia, na hali ikizidi meno huwa na vishimo na kumeguka. Watafiti waliolichunguza jambo hili hapa Tanzania walionyesha kwamba magadi tunayolainishia maharage na mboga nayo huongeza floraidi mwilini. Akina mama walisikie hili, hasa wenye watoto wadogo.

Nalieleza kwa kirefu kwa sababu nimewaona vijana wa vyama vyetu wakicheka huku wamefunika kinywa kwa kiganja, na nimeongea na mmoja aliyetaka meno yake ya mbele yang'olewe yote, akiamini yameoza. Jino la kahawia si lazima liwe jino bovu. Kutofautisha rangi ya floraidi na uozo ni kazi ambayo daktari wa meno mara nyingi huweza kuifanya kwa picha nzuri, pasipo kumwona mgonjwa. Kijana huyo angeambiwa kwamba meno yake ni mazima na kwamba yako matibabu ya kupunguza rangi, naye asingewaza koleo tena.

Sasa nieleze jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Huduma hii ina ncha mbili. Katika ncha ya karibu yuko mgonjwa pamoja na mganga, tabibu au muuguzi wa zahanati au kituo cha afya. Katika ncha ya mbali yuko daktari wa meno. Wawili hao waweza kuonana na kuongea papo hapo kwa video, au wa karibu aweza kupiga picha, akaandika maelezo, akatuma, na wa mbali akajibu apatapo nafasi. Kwa vijiji vyetu njia ya pili ndiyo ifaayo zaidi. Video inataka mtandao usiokatika na watu wawili wenye nafasi saa ile ile. Picha, kwa upande wake, inaweza kungoja mpaka mganga apande kichuguu kwenye mtandao, na isiharibike.

Picha ya kinywa ina adabu zake. Mgonjwa asukutue kwanza, kisha mate yafutwe kwa shashi safi, maana mate hung'aa na kuficha shimo. Akae akielekea mlangoni au dirishani. Kama kumekucha mawingu, mtu wa pili amulike kwa tochi ya simu nyingine kutoka upande. Anayegusa kinywa avae glovu, na shavu alivute pembeni kwa mgongo wa kijiko cha chai kilichochemshwa. Kioo cha kamera kifutwe, na simu isisogezwe karibu mno hata picha ikawa ukungu. Zinatakiwa picha ya mbele meno yakiwa yameumana, ya kulia, ya kushoto, ya meno ya juu na ya meno ya chini kinywa kikiwa wazi, na kama kuna uvimbe, picha moja ya uso kwa nje, maana uvimbe huonekana vizuri zaidi ukilinganishwa na shavu zima.

Maelezo yanayoandamana na picha ndiyo yaliyosahauliwa mara nyingi katika visa nilivyosimuliwa. Umri na jinsia, maumivu yalianza lini, yanakuja yenyewe usiku au ni mpaka anywe maji baridi, ana homa, anaweza kufungua kinywa na kumeza, ametumia dawa gani na zipi zinamdhuru, ana kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa damu isiyoganda, kama ni mwanamke, ni mjamzito. Daktari asiyeyajua hayo hujibu kwa kubahatisha, au harudishi jibu bali maswali, na siku moja inapotea.

Jibu jema ni fupi. Humwambia mganga kwamba mgonjwa huyu aondoke sasa hivi. Au kwamba aende kituo fulani, siku fulani, ambapo yupo mwenye vifaa. Au kwamba hana haja ya kusafiri, afanyiwe hapo hapo hivi na hivi. Jibu linalosema "aje hospitali" tu, bila kutaja wapi na lini, linamrudisha mwanachama kwenye zile shilingi 70,000.

Yako mambo ambayo picha haiwezi, na heri tuyajue kabla hatujapiga makofi. Picha haigongi jino kusikia kama linauma. Haioni uozo uliojificha kati ya jino na jino, wala mzizi uliomo ndani ya mfupa. Hayo yanahitaji kioo kidogo cha daktari, kidole na eksirei. Tena ziko hali ambazo hazifai kungojewa picha wala jibu. Mgonjwa ambaye uvimbe wake umeshuka chini ya kidevu au shingoni, anayeshindwa kumeza mate yake, ambaye ulimi umeinuka, ambaye kinywa hakifunguki, anayehema kwa shida, au ambaye jicho limeanza kufunga kwa uvimbe, huyo apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Usaha wa jino ukiteremka shingoni huziba njia ya pumzi na huua mtu mzima mwenye nguvu zake. Watu wengi hawaamini kwamba jino huua, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa watoto uangalifu uzidi. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto wa Afrika, ambao leo unajulikana kwa jina lake. Taya huvimba upesi, meno hulegea, na mzazi huona ni jino tu. Ukimng'oa mtoto huyo jino hujamsaidia kitu, na wiki zilizopotea ndizo alizozihitaji, kwa kuwa ugonjwa huo hutibika kwa dawa ukiwahiwa. Hapa ndipo picha moja iliyofika kwa mtu anayejua inapolingana na uhai wa mtoto. Hali kadhalika kidonda cha fizi kinachonuka na kula shavu la mtoto aliyedhoofika, hasa baada ya surua, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiingiza mnamo Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Kwa watu wazima, kidonda chochote cha kinywani kisichopona kwa wiki 2, hususan kwa mvuta tumbaku na mtumiaji wa ugoro, kipigwe picha na kupelekwa mbele.

Hapa sina budi kutaja jambo ambalo baadhi yetu hatupendi litajwe hadharani. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania imekuwapo imani ya "meno ya plastiki", wengine wakiyaita "meno ya nailoni". Mtoto mchanga akiwa na homa na kuhara, fizi yake ikaonekana kuwa na weupe mahali jino la chonge litakapoota, hupelekwa kwa mtu akachokolewa fizi na kutolewa kile ambacho kwa kweli ni chipukizi la jino lake mwenyewe. Wapo waliovuja damu hata kufa, na waliobaki wengi huota meno yaliyoharibika. Tena homa yenyewe, iwe ya malaria au ya kichomi, haijatibiwa. Mganga wa zahanati mara nyingi ni kijana, na bibi wa mtoto hamsikii. Lakini bibi huyo akisikia sauti ya daktari wa meno mwenyewe kwenye simu, akimwambia kwa heshima, "Shikamoo mama, nimeiona picha ya mjukuu wako, hilo ni jino lake linakuja, msiliguse, mpelekeni apimwe homa," mambo yanaweza kuwa mengine. Kwa maoni yangu faida hii peke yake yatosha kuianzisha huduma.

Turudi kwa wale wasemao simu haing'oi jino. Ni kweli, na jambo hili ndilo linalonisumbua kuliko mengine yote. Daktari wa mbali anaweza kuona, kushauri na kuandika, lakini kama katika ncha ya karibu hakuna mkono uliofundishwa wenye koleo zilizotakaswa na dawa ya ganzi, mgonjwa ataishia kuandikiwa vidonge. Vidonge vya kuua vijidudu hupunguza uvimbe, maumivu yakatulia, mwanachama akadhani amepona. Jino bovu limebaki mahali pake, na baada ya mwezi mmoja au miwili usaha unarudi. Huduma ya mbali inayoishia kwenye duka la dawa ni hasara iliyovaa nguo za maendeleo.

Kwa bahati nchi yetu si mgeni katika kutafuta njia ya mkono wa karibu. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, daktari Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kutibu meno yaliyotoboka kwa vifaa vya mkono peke yake, pasipo mashine wala umeme: uozo laini ulikwanguliwa na tundu likazibwa kwa simenti maalumu inayoshikamana na jino. Njia hiyo ilienea duniani, na Shirika la Afya Duniani liliikubali katika Siku ya Afya Duniani tarehe 7 Aprili 1994. Simenti ya aina hiyo, iitwayo glasi ayonoma, iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya Shirika hilo ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na ile dawa ya kupaka ya madini ya fedha na floraidi inayosimamisha uozo. Vitu hivi ni vidogo, vinabebeka katika kisanduku nyuma ya pikipiki.

Kuna pia mfano wa shirika la Bridge2Aid la Uingereza, lililoanzia kazi zake Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hilo liliona mapema kwamba kuleta madaktari wa kung'oa meno kwa wiki mbili kisha wakarudi kwao hakumsaidii atakayeumwa mwezi unaofuata; likachagua kuwafundisha matabibu wa vijijini kung'oa meno kwa usalama, na mamia wamefundishwa. Ugonjwa wa Korona ulipokata safari mwaka 2020, shirika hilo likageukia mafunzo ya mbali, mwalimu akiwa ng'ambo na mwanafunzi akiwa kituoni. Mimi naona matumizi haya ya simu ni makubwa kuliko kutuma picha. Picha humsaidia mgonjwa mmoja. Tabibu aliyefundishwa akabaki na mwalimu wa kumwuliza hutumikia kata nzima kwa miaka.

Sasa, chama cha msingi kinahusikaje? Nianze na kisichokihusu. Katibu si mganga. Asimpige mwanachama picha ya kinywa ofisini na kuituma kwa daktari anayemfahamu, hata kama ana simu nzuri aliyozoea kutumia katika mfumo wa MUVU. Picha ya ugonjwa wa mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ipigwe na mhudumu wa afya, kwa ridhaa ya mgonjwa, isiwe na jina, isibaki katika simu ya mtu binafsi, na isionekane kamwe katika kundi la wanachama la WhatsApp. Nimewahi kuona katika kundi moja picha ya kinywa cha mama mmoja iliyotumwa kwa nia njema kabisa, "tumwombee". Mama huyo hakuhudhuria mkutano uliofuata.

Kinachokihusu chama ni kuuliza, na kuuliza kwa maandishi. Bodi imwandikie Mganga Mkuu wa Wilaya, na nakala kwa mratibu wa afya ya kinywa na meno wa wilaya, ikiuliza ni nani anayepokea picha kutoka zahanati yetu, na asipokuwapo ni nani mwingine; jibu linarudi baada ya saa ngapi; na ni kituo gani cha karibu chenye mtu wa kung'oa na kuziba, siku zipi. Msidharau swali la kwanza. Katika kijiji kimoja picha zilitumwa kwa namba ya daktari aliyekwisha kuhamishwa, zikakaa siku 4 bila kufunguliwa, na kila aliyeuliza aliambiwa "zimekwisha kwenda". Namba iwe ya ofisi, isiwe ya mtu.

Chama chaweza pia kutoa nafasi. Siku ya mkutano mkuu, au siku ya malipo, wanachama hukusanyika kwa mamia pasipo mtu kulipa nauli ya ziada. Ghala lina meza, lina mwanga mlangoni, maji yanaweza kuchotwa. Tabibu wa meno akialikwa siku hiyo, atachuja watu wengi, na wale wenye mashaka atawapigia picha zao yeye mwenyewe. Hili halina gharama kubwa, na linaingia vizuri katika ile kanuni ya saba ya ushirika, ya kuijali jamii, iliyothibitishwa Manchester mwaka 1995.

Kuhusu fedha nawasihi muwe waangalifu. Sitaki kukagua kesho kifungu kiitwacho "meno" kisichokuwa na muhtasari. Matumizi yoyote ya namna hiyo yawe katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 na masharti ya chama chenu. Pale ambapo chama kina utaratibu halali wa kumkopesha mwanachama kwa dhamana ya mazao aliyokwisha kupima, nauli ya tiba ya dharura ihesabiwe kuwa sababu inayostahili, fomu ijazwe, na makato yaonekane kwenye malipo. Wenye bima waulize mapema ni huduma zipi za meno zinazolipiwa na katika kituo gani, badala ya kuuliza wakiwa wamekwisha kufika dirishani. Kununua kiti cha meno au mitambo si kazi ya chama cha msingi, na atakayewaletea ankara ya namna hiyo mwelekezeni kwa Halmashauri.

Ama Katibu wetu, nilimchukua mchana ule hadi kituo cha afya cha jirani. Tabibu wa pale alimpiga picha, akaandika maelezo kama nilivyoyataja, akatuma kwa daktari wa meno mjini. Jibu lilirudi kabla ya magharibi: gego la pili la chini kushoto, lina jipu, aanze dawa usiku ule, Alhamisi aende kituo kilichotajwa, ambako tabibu wa meno yupo, uvimbe ukishuka shingoni asingoje Alhamisi. Akasafiri mara moja, jino likang'olewa, na Jumamosi daftari lilifungwa, stakabadhi kwa stakabadhi, hesabu ikalingana.

Hoja ya ukaguzi sikuifuta, ila niliielekeza kwa Bodi: kwamba chama chenye wanachama zaidi ya 300 hakikuwa na mtu wa pili aliyefundishwa kuandika daftari la fedha Katibu anapougua. Bodi ilijibu ndani ya siku 14, na binti mmoja wa kijijini hapo, aliyemaliza kidato cha nne, sasa anajifunza kazi hiyo.